Risiti ya Kodi, Nakala Tatu

Wakuu, kabla hamjaendelea kunitumia vikatuni vya kucheka hadi machozi, nipeni nafasi na mimi niseme. Najua ile sauti aliyojirekodi rafiki yangu akisimulia kikao cha mahari yangu imeshazunguka mji mzima. Imepita grupu la tuliosoma wote, imepita la ofisini, na leo asubuhi dada wa chapati pale Kimara kanifungia chapati zangu kwenye gazeti, kanirudishia chenji, kisha kaniambia, "Pole na mahari, kaka." Dada wa chapati! Mimi hata namba yake sina.

Sasa mle kwenye sauti kuna uongo sehemu mbili. Anasema nilijificha chini ya meza. Anasema pia nililia. Chini ya meza nilikuwepo, sikatai, ila nilifuata nini huko mtaona. Na machozi yalikuwa ya vumbi. Ile mashine niliifungua mwenyewe kwa bisibisi, na vumbi la mle ndani lilianza kujikusanya mwaka Mzee Ruksa anamkabidhi Mkapa nchi. Hata wewe ungelia.

Haya. Mnaonifuata siku zote mnajua barua ya posa ilishakwenda Magomeni na majibu yakarudi. Majibu yenyewe yalikuwa orodha: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha mjomba, blanketi la bibi, na chini kabisa kipengele kimoja kimeandikwa "mengineyo", hakina kiasi. Mimi natengeneza tovuti za watu, wateja nawajua. Nikiona "mengineyo" hayana kiasi, mwili unanisisimka. Nikamwambia baba mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu, akienda kuzungumza aanzie hapo hapo kwenye mengineyo. Akaniambia nilale usingizi, yeye ameshaoza watu wengi. Kikao kikapangwa Jumapili, saa tisa alasiri.

Kwa taratibu zetu mwoaji haendi kwenye kikao cha mahari yake. Anakaa kwao anasubiri simu. Na mimi ningekaa Kimara nisubiri simu, lakini Ijumaa usiku mchumba wangu kanipigia. "Baba anauliza, wewe si mtu wa kompyuta? Mashine yake inasumbua na mwisho wa mwezi umefika, wapangaji wanataka risiti."

Niambieni, hapo unajibuje? Ukikataa, umeshaonyesha utakavyokuwa mkwe. Mzee mwenyewe kapanga kila kitu: nifike saa nane, niingie kwa mlango wa uani, nifanye kazi yangu kwenye kile chumba anachokiita ofisi. Wageni wataingia saa tisa kwa mlango wa mbele, hatutaonana. "Mwambie anakuja kama fundi," alisema, "si kama mkwe." Rafiki yangu akajitolea kunisindikiza, eti anibebee bisibisi na kunipa moyo. Siku hizi nikisikia mtu anataka kunipa moyo nitamwambia abaki nao.

Tukashuka mwendokasi Magomeni Mapipa, tukazunguka nyuma, tukaingilia uani. Nilikuwa nimejiandaa kukuta laptopu ya Windows 7 iliyojaa virusi vya flashi za wajukuu. Mzee akafungua mlango wa ofisi, akavuta kitambaa cha kufuma kilichofunika kitu mezani. Jamani. Ilikuwa 486, kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 90. Boksi la rangi ya krimu iliyogeuka manjano, lenye kitufe kimeandikwa Turbo, tundu la ufunguo, na taa nyekundu zinazosoma 66, yaani kasi ya megahezi 66. RAM, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, megabaiti 8. Hii simu yangu ninayoilipia kwa mkopo ina gigabaiti 4, mara 512 ya hiyo, na bado inakwama nikifungua kamera.

"Hii niliinunua 1995," mzee akasema. "Wewe umezaliwa lini?"

Nikamtajia mwaka.

"Basi imekuzidi umri. Isalimie."

Nikacheka. Mzee hakucheka. Nikaisalimia. Rafiki yangu akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Ikumbukwe, mzee alikuwa karani wa hesabu kwenye shirika moja la umma. Shirika lilipobinafsishwa akapunguzwa, wenzake kiinua mgongo wakanunulia Hiace za daladala, yeye akanunua kompyuta na printa. Mama mkwe hajalisahau hilo mpaka leo. Na mzee alikuwa na sababu zake. Alinikumbusha kwamba 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta, na televisheni pia, kwa hiyo ujana wake wote kompyuta alikuwa akizisikia tu. Zanzibar wao walikuwa wanatazama televisheni ya rangi tangu miaka ya 70, huku Bara tukasubiri hadi 1994. Alipoingia na ile mashine mtaani mwaka uliofuata, majirani waliona kioo wakaja na mikeka yao kuuliza mpira unaanza saa ngapi.

"Sasa wewe unaandika programu kwa lugha gani?" akaniuliza.

"JavaScript, mzee."

"Ilitungwa lini?"

"1995. Bwana mmoja Mmarekani, Brendan Eich. Aliitunga kwa siku 10."

Nilidhani atashangaa kwa sifa. Akanitazama muda mrefu. "Siku 10," akasema. Akaenda kuketi kwenye kiti chake, akasema tena, "Siku 10." Nadhani pale ndipo mahari yangu ilipoanza kupanda.

Tatizo la mashine lilikuwa tarehe. Kila ikizimwa inasahau leo ni lini, na DOS, mfumo unaoiendesha, haijui siku yoyote iliyotangulia Januari 1, 1980, basi ikiwashwa inarudi huko huko mwanzo wa dunia yake. Mwezi uliopita wapangaji wote walipewa risiti za 1980. Yule kijana wa bodaboda wa chumba namba 6, ambaye kazaliwa 2001, akaigeuzageuza risiti yake halafu akamwambia mzee, sawa, kama ni kodi ya 1980 basi naomba nilipe bei ya 1980. Mzee alinisimulia hilo bila kutabasamu hata kidogo. Zamani mpwa wake ndiye aliyekuwa akiiwekea tarehe, mpwa kahamia Dodoma, na mzee kila akijaribu inamkatalia, kwa sababu inataka mwezi utangulie siku, Kimarekani, na yeye anaandika kama binadamu wa kawaida.

Nikafungua boksi (hapa ndipo lile vumbi). Betri yake ni kipipa kidogo cha bluu kilichochomelewa kabisa kwenye ubao, na kilikuwa kimeshavuja ukungu wa kijani. Hiyo si kazi ya Jumapili. Nikafunga. Nikawasha, mashine ikahesabu kumbukumbu yake kwa sauti, tik tik tik tik, kisha ikalalamika kwamba haijui hata diski yake ikoje. Mzee akavuta droo, akatoa karatasi aliyoiandika kwa mkono: idadi ya silinda, idadi ya hedi, idadi ya sekta. Ameitunza miaka yote hiyo. Nikajaza, DOS 6.22 ikaamka, nikaandika DATE, nikaweka mwezi kisha siku kisha mwaka, ikakubali. Mzee akanipiga bega. Laiti ningeaga saa ile!

"Kuna kingine kidogo," akasema. Kwenye kila risiti, mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa kodi ilipwe kabla ya tarehe 5. Sasa alitaka uandikwe kwamba fedha taslimu hazipokelewi, watu walipe kwa simu. Akanionyesha faili: RISITI.BAS. Ameiandika mwenyewe kwa QBasic, lugha ya programu ya jamii ya BASIC, ile iliyokuwa ikija pamoja na DOS kuanzia 1991. Na mimi, ambaye nilikuwa nimekwenda pale na dharau zangu mfukoni, nikaisoma nikanyamaza. Imepangwa vizuri kuliko kazi yangu ya wiki iliyopita. Majina ya vitu yote Kiswahili, CHUMBA, MWEZI, BAKI. Kila sehemu ina maelezo, yale yanayoanza na REM ambayo kompyuta inayaruka. Moja linasema REM HAPA USIGUSE. Jingine chini yake: REM NIMESEMA USIGUSE. Kemeny na Kurtz, walimu wa chuo, walipoianzisha BASIC pale Dartmouth, Marekani, 1964 nia yao ilikuwa hii hii, mtu ambaye hakusomea sayansi naye akae mbele ya kompyuta ajifanyie shughuli zake. Karani wa hesabu wa Magomeni kakaa, na wapangaji 14 wanapata risiti.

Mlango wa mbele ukabishwa hodi. Saa tisa. Mzee akavaa kofia yake, akaniambia, "Malizia huo mstari, usitoke mpaka nikuite," akafunga mlango.

Sasa naomba mpate picha ya chumba. Meza iko ukutani. Juu ya meza kompyuta, kando yake kitu kingine kimefunikwa kitambaa cha kufuma, maana nyumba ile kila chenye waya kimefumiwa kitambaa. Ile ni printa, Epson ya pini 9, na mzee alikuwa ameshanieleza kwa nini haibadilishi: karatasi zake ni zile za mkunjo zenye matundu pembeni, tabaka tatu, na pini zinagonga kwa nguvu mpaka maandishi yanatokea nakala zote kwa mkupuo mmoja. Nyeupe ya mpangaji, ya waridi ya mzee, ya njano ya kumbukumbu. Printa nyingi za kisasa zinaweka wino juu tu, haziwezi kugonga. Sawa. Mimi nikajua imezimwa. Kama ilikuwa na taa, taa ilikuwa chini ya kitambaa. Chini ya meza kuna ekstensheni moja inayolisha kila kitu, na waya wa kiendelezo kingine unatoka hapo, unapita chini ya mlango, unaenda sebuleni. Kumbukeni huo waya.

Ukuta wa chumba kile na sebule ni wa heshima tu. Tulisikia kila neno. Salamu ndefu. Habari za nyumbani, za mvua, za barabara. Kisha orodha ikasomwa. Mahari ikatajwa (kiasi sisemi, mwenyewe anasoma hapa), nikamsikia baba mdogo anakohoa, nikasema haya sasa, mpiganaji wangu anajipanga. Akasema, "Hilo tumelipokea." Mkaja wa mama. "Nalo tumelipokea." Kilemba cha mjomba. "Tumelipokea." Jamani, nilimtuma kupunguza, yeye amekwenda kupokea!

Rafiki yangu akaniinamia sikioni. "Huyu mzee wako anatuuza. Andika kitu."

"Niandike nini, wapi?"

"Hapo. Jifurahishe tu, nani anaona?"

Kwa faida ya wale wanaosema mimi ndiye niliyebuni: maneno ni yake. Vidole ndivyo vyangu. Kishale kilikuwa pale pale kwenye mstari wa mwisho wa risiti, kati ya alama za kunukuu. Nikafuta kodi ilipwe kabla ya tarehe 5, nikaandika, na kioo kikawa hivi, maandishi meupe kwenye bluu:

LPRINT "RISITI YA KODI"
LPRINT "CHUMBA NAMBA"; CHUMBA
LPRINT DATE$
LPRINT "MZEE PUNGUZA MAHARI"

Tukacheka kwa kuziba midomo. Roho ikapoa kidogo. Nikasema sasa nifute niandike ule wa kulipa kwa simu.

Hapa wenzangu wa tovuti ndio watanielewa. Siku nzima kazi yetu ni kubadilisha kitu, kubonyeza F5 ukurasa ujipakie upya, kutazama. Kubadilisha, F5, kutazama. Kidole changu hakiombi tena ruhusa kichwani. Ukiniweka mbele ya kibodi yoyote nikabadilisha chochote, F5 inakwenda yenyewe, hata nikiwa ninaandika barua. Na kwenye QBasic F5 haipakii upya chochote. Inaendesha programu.

Kioo kikawa cheusi.

Sekunde moja hakuna kilichotokea. Nilipata hata muda wa kusema "eh". Kisha kitambaa cha kufuma kikaanza kutembea. Kikaenda kushoto, kikarudi kulia, kikaenda kushoto, na chini yake ukatoka mlio ambao sijui niueleze vipi, kama cherehani iliyopandwa na jini. KRRRIIIIII. KRRRIIIIII. Pini 9 zinagonga karatasi za tabaka tatu kwenye meza ya mbao isiyosimama sawa. Kikombe cha mzee kikaanza kutembea nacho. Karatasi ikachungulia chini ya kitambaa, ikakiinua, ikaanza kupanda taratibu.

Nikabonyeza Esc. Wapi. Nikabonyeza Ctrl na C. Wapi. Akilini nikajua dawa yake ni Ctrl na Break, nikatazama juu kulia mwa kibodi mahali kitufe cha Break kinapokaa. Hakipo. Pana kishimo. Mzee alikwisha niambia mjukuu alikimeza 2009, wakamngoja siku mbili, hawakurudisha.

Sebuleni baba mdogo alikuwa anapandisha sauti ili asikike. "TUMELIPOKEA!" KRRRIIIIII. "BLANKETI LA BIBI NALO TUMELIPOKEA!"

Nikazima kompyuta. Swichi yake ni ya zamani, ile ya kubofya inalia kak, mashine inakufa papo hapo. Ikafa. Printa ikaendelea. Kumbe ina kumbukumbu yake ndogo, ilishameza kila ilichotumiwa na haikuwa na haja tena na kompyuta wala na mimi. Rafiki yangu, mtoa moyo, akaikamata karatasi kwa mikono miwili akaivuta. Matundu ya pembeni yakachanika, mlio ukabadilika ukawa wa kutisha zaidi, na mlango ukafunguliwa.

Shangazi yake mchumba. Ameshika sinia la juisi. Akatutazama, akaitazama printa, uso ukamnawiri. "Alhamdulillahi! Imepona!"

Nilitaka kusema kitu. Mdomo ulifunguka, nakumbuka ulifunguka. Shangazi akaweka sinia, akazichana zile zilizokwishatoka, kraa, kwa ufundi wa mtu aliyefanya hivyo miaka mingi, akatoka nazo mbio mbio huku akiita, "Kaka! Kaka! Risiti zako zimetoka! Kijana kaweza!"

Nikamsikia mzee, na sauti yake ilikuwa na fahari ambayo sitaisikia tena. "Mnaona? Nimewaambia hapa, mashine hii haijawahi kukosea hesabu tangu nimeinunua. Nisomee dada, sina miwani. Soma wageni wasikie."

Hapo ndipo nilipoingia chini ya meza. Wazo langu lilikuwa moja tu, kuvuta plagi ya ile ekstensheni ili angalau printa inyamaze isiendelee na chumba namba 5. Nikapapasa, nikaikuta, nikavuta kwa nguvu zote. Printa ikakata katikati ya neno. Na kwa sababu ya ule waya unaopita chini ya mlango, feni ya sebuleni ikazimika, televisheni ikazimika, friji ikatikisika ikanyamaza. Uani mpangaji mmoja akapaza sauti, "Wamekata!" Mwingine akajibu, "Wamekata!"

Kisha nyumba nzima ikatulia. Ule utulivu wa feni kusimama alasiri, unasikia hadi maji kwenye ndoo. Mimi niko kwa magoti chini ya meza, plagi mkononi. Na katika utulivu huo, shangazi, mwanamke mwenye sauti safi ambaye nimeambiwa husoma risala kwenye shughuli zote za mtaani, akaanza.

"Risiti ya kodi. Chumba namba moja." Akataja tarehe. Tarehe ilikuwa sahihi kabisa, jamani, siku, mwezi na mwaka, na hakuna hata mtu mmoja aliyelitaja hilo mpaka leo. "Mzee..."

Akasimama. Nikasikia karatasi ikisogezwa karibu na dirisha.

"Mzee. Punguza. Mahari."

Kimya. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu nikaacha.

"Hebu soma ya chumba namba mbili," akasema mzee.

"Risiti ya kodi. Chumba namba mbili. Mzee punguza mahari."

"Tatu?"

"Kaka, zote zinasema hivyo. Hata za waridi."

Rafiki yangu alikuwa ameuma mkono wa shati lake. Ndiye anayesema nililia! Yeye ndiye aliyekuwa anatokwa machozi, kamasi na kila kitu.

Na hapo baba mdogo, ambaye jioni nzima alikuwa anapokea tu, Mungu akamfungua kinywa. Akakohoa tena, akasema kwa adabu kubwa sana, "Mzee mwenzangu, sisi wageni hatuna neno. Ila umesema mwenyewe, mashine hii haijawahi kukosea hesabu."

Aliyeanza kucheka ni bibi, mwenye blanketi lake. Kisha mjomba. Mzee ndiye alikuwa wa mwisho, na kicheko chake kilianzia mbali, ikawa kikohozi, akapewa maji. Akaita, "Fundi! Toka huko!" Nikatoka na vumbi kichwani na plagi mkononi, nilikuwa nimeisahau, nikaanza kuwaamkia wazee mmoja mmoja nikiwa nimeishika.

Mengine nayapitisha. Umeme ukarudishwa. Mstari ukasahihishwa, mzee kakaa nyuma yangu akinitazama kila herufi, na F5 kaibonyeza yeye. Mchumba wangu hakunisemesha mpaka Jumatatu, na aliponipigia hakuweza kumaliza sentensi kwa kucheka. Nakala za njano shangazi kaziweka, anasema ni za kumbukumbu. Kijana wa chumba namba 6 kasikia habari akaomba apewe yake.

Mahari haikupungua hata senti. Ila mengineyo yamepata kiasi. Mzee ameyaandika kwa mkono wake kwenye orodha: katoni moja ya karatasi za mkunjo za tabaka tatu, na riboni mbili za printa, kabla ya siku ya ndoa. Baba mdogo akasema tumelipokea.

Sasa, wakuu, jana nimezunguka Kariakoo, nimeanzia Mtaa wa Aggrey nikauliza duka kwa duka. Karatasi nimepata. Riboni, vijana wananiuliza ya nywele au ya keki. Kuna mmoja kanionyesha ya dhahabu, nzuri kweli, mita kumi. Mwenye kujua zinapouzwa riboni za printa ya pini 9 aniandikie pembeni, asiandike kwenye lile grupu. Nyeusi. Na asinitumie iliyokwisha kutumika, mzee atajua.